Kwa Nini Rangi ya Sakafu ya Zege Hubanduka

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, nyumba za kuishi zimeota Iyumbu, Nzuguni, Ilazo na Kisasa, na si chache kati ya hizo zina banda la gari lenye sakafu ya zege. Pamoja na nyumba hizo umekuja mtindo wa kuipaka sakafu hiyo rangi ngumu inayong'aa, ile ambayo wengi sasa wanaiita epoksi, na pamoja na mtindo huo yamekuja malalamiko ya aina moja: rangi ilipakwa Julai, ikapendeza, na kabla mvua hazijaisha ilikuwa imebanduka vipande vipande, hasa mahali magurudumu yanaposimama. Mwenye nyumba humlaumu muuza rangi, muuza rangi humlaumu fundi, naye fundi husema rangi ilikuwa feki.

Hayo yalinipata na mimi nyumbani kwangu. Asubuhi moja nilitoa gari nikakuta nyuma ya gurudumu la mbele kipande cha rangi chenye ukubwa wa kiganja kimeinuka kama ganda la muhogo. Nilikiokota nikakigeuza. Upande wa juu ulikuwa wa kijivu, unang'aa kama siku ulipopakwa. Upande wa chini ulikuwa umebeba utando wa saruji mwembamba kama ukucha, na nilipoupitishia kidole ulitoka unga. Rangi haikuwa imeachia saruji hata kidogo. Kilichoachia ni saruji yenyewe: tabaka lake la juu lilitengana na zege lililo chini yake, likaondoka likiwa limegandamana na rangi niliyoinunua kwa bei kubwa. Kwa hiyo mtu anaponiuliza epoksi ipi ni nzuri, jibu langu huanza na swali lingine, kwamba sakafu yake ikoje, kwa sababu ubora wa rangi hauwezi kuzidi ubora wa kile inachokishika.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno machache. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji ulioganda ukawa kama jiwe. Jamvi ni lile tabaka la zege linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, ambalo katika nyumba za kawaida huwa na unene wa sentimita 10 hivi. Niru ni uji wa saruji tupu ambao fundi huusiliba juu ya zege au plasta kwa mwiko wa chuma ili uso uwe laini. Mpako, katika makala haya, ni kitu chochote cha majimaji kinachopakwa juu ya sakafu kikageuka ngozi ngumu. Epoksi ni mpako unaokuja katika makopo mawili, moja la utomvu na jingine la hadena, yaani dawa ya kuukazisha utomvu huo, nao haukauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani, bali hukazana kwa sababu vitu hivyo viwili vikichanganywa huungana kikemikali.

Kwa kuwa epoksi hukaza namna hiyo, na kwa kuwa watu wanaijua kama gundi, imezuka imani kwamba itashika popote itakapomwagwa. Mtazame fundi baiskeli anapoziba pancha. Hapaki solusheni moja kwa moja juu ya mpira. Kwanza anauparuza kwa msasa au kwa bati lililotobolewa matundu mpaka ule weusi unaong'aa uondoke, anapangusa vumbi, ndipo anapaka solusheni, anasubiri kidogo, kisha anabandika kiraka. Akiruka hatua ya kuparuza, kiraka hukaa siku mbili, halafu huanza kujikunja pembeni, na hakuna solusheni ya bei ghali itakayomsaidia. Sakafu iko hivyo hivyo. Zege lililoparuzwa lina vitundu na mabonde madogo mno; epoksi ikiwa bado majimaji huzama humo, ikakaza, na mizizi hiyo midogo ndiyo inayoishikilia. Juu ya uso uliosuguliwa ukawa laini kama sahani, mizizi haina pa kuingia.

Hapo ndipo niru inapokuwa tatizo, na hapa sina budi kueleza kwa kirefu, kwa kuwa katika mji huu naona ndicho chanzo cha maganda mengi kuliko chanzo kingine chochote. Niru haina kosa kwa kazi iliyokusudiwa. Sakafu ya niru iliyopigwa vizuri hufagiliwa kwa urahisi, hupigwa deki ikang'aa, na wazazi wetu wameishi juu yake miaka mingi. Lakini niru ni tabaka jembamba la saruji isiyo na kokoto, mara nyingi limepakwa juu ya zege lililokwisha kuganda, na nguvu ya kushikana kwake na zege hilo hutegemea bahati na uangalifu wa fundi. Mtu akitembea juu yake hakuna shida. Ukipaka epoksi ngumu juu yake na kupitisha gari la tani moja na nusu, unaidai niru kazi ambayo haikuwahi kupewa.

Hali ya hewa ya Dodoma huongeza ugumu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na upepo wa kiangazi hauna simile. Saruji huhitaji maji ili ikaze, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Ndiyo maana mafundi wazuri humwagilia jamvi asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi, au hulifunika kwa magunia mabichi au nailoni. Hapa kwetu, jua na upepo hunyonya maji ya juu kabla saruji haijayatumia, na maji ya kumwagilia hununuliwa kwa pipa, kwa hiyo umwagiliaji hukatishwa siku ya 2 au ya 3. Matokeo yake ni zege ambalo ndani ni gumu lakini ngozi yake ya juu ni unga ulioshikana kijuujuu. Mafundi wengine, wakiona maji yametuama juu ya zege bichi, hunyunyiza saruji kavu ili kuyakausha na kusiliba haraka. Tendo hilo nalo huzaa ngozi dhaifu ya namna hiyo hiyo. Ukiona sakafu inayofagiliwa kila siku na kila siku inatoa vumbi jeupe, ndiyo hiyo.

Vipimo vya kuitambua havihitaji mtaalamu. Chukua msumari wa inchi 4, uukwaruze juu ya sakafu kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Zege zuri litaacha mstari hafifu tu; ngozi dhaifu itachimbika na kutoa unga. Kisha chukua nyundo ndogo, ukae chini, ugonge taratibu ukisogea hatua kwa hatua kutoka pembe moja hadi nyingine. Palipo pazima hutoa sauti fupi na kavu, kama kugonga jiwe. Mahali niru ilipoachia patalia kama debe tupu. Weka alama kwa chaki kila panapolia, na usishangae kama chaki itaisha. Mwisho, mwaga matone ya maji mahali mbalimbali. Maji yakinywewa ndani ya dakika moja hivi na kuacha doa jeusi, sakafu ina vitundu vya kupokea mpako. Yakisimama kama umande juu ya jani la mgomba, kuna kitu kimeziba, ama niru iliyosilibwa sana kwa mwiko, ama nta, ama mafuta.

Kama kilichoziba ni mafuta, hilo ndilo la kwanza kushughulikiwa, kabla ya kusugua au kusaga chochote. Mpangilio huu hupuuzwa mno. Fundi akisaga juu ya doa la oili, joto na mzunguko wa jiwe huyasambaza mafuta hayo na kuyapaka pembezoni, na uso unaoonekana msafi unakuwa na utando ambao epoksi haitaushika. Wengine hufuta doa kwa petroli au mafuta ya taa wakiamini kwamba mafuta huondoa mafuta. Ni kweli kwamba petroli huyeyusha oili, lakini oili iliyoyeyuka huwa nyepesi, ikazama ndani zaidi ya zege na kupanuka. Tena mvuke wa petroli ndani ya banda lililofungwa unaweza kulipuka kwa cheche moja. Njia iliyo salama ni ya polepole: nyunyiza unga wa mbao au majivu yanywe mafuta ya juu, zoa, kisha tumia sabuni kali ya kuondolea grisi pamoja na maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, suuza, halafu urudie. Doa la miaka mitano haliondoki kwa mkupuo mmoja. Jaribu tena matone ya maji juu yake. Kama bado yanasimama, bado hujamaliza. Pale ambapo gari bovu limevujisha oili kwa miaka, wakati mwingine hakuna njia ila kulichimba zege lile na kujaza jipya.

Baada ya mafuta ndipo huja kusaga. Kifaa kinachofaa kwa banda la gari la nyumbani ni grinda yenye kikombe cha almasi, yaani gurudumu la kusagia lenye punje za almasi, na kwa eneo kubwa kuna mashine za kusukuma ambazo hukodishwa. Lengo ni kuondoa niru yote dhaifu mpaka mchanga wa zege uanze kuonekana, na uso uwe na mkwaruzo kama wa msasa wa namba 80 hadi 120 unapoupapasa kwa kiganja. Usiishie katikati ya banda. Pembe na kingo za ukuta, ambako mashine haifiki, husuguliwa kwa mkono, kwa kuwa ganda hupenda kuanzia huko.

Vumbi la kusaga zege linataka heshima. Mchanga umejaa kwatzi, yaani madini ya silika, na vumbi lake laini, lile lisiloonekana hewani, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona; ugonjwa huo huitwa silikosisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi hilo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi laini inayobana uso vizuri, grinda yenye kofia inayounganishwa na mashine ya kunyonya vumbi, au walau maji ya kulowanisha ikiwa kifaa kimetengenezwa kutumika na maji. Nimewaona vijana wakisaga mchana kutwa wakiwa weupe kama waliotoka kwenye mashine ya kusaga mahindi, bila kitu puani, na mwenye nyumba amekaa kivulini akisubiri kazi iishe. Barakoa hiyo ainunue mwenye nyumba kabla hajanunua rangi.

Wapo wanaokwepa kusaga kwa kutumia tindikali. Tindikali ya haidrokloriki, ikichanganywa na maji na kumwagwa juu ya zege, hula saruji ya juu ikitoa povu la hewa ya ukaa, na huacha uso wenye mkwaruzo. Kwa hiyo si uongo kwamba inasaidia. Lakini haili mafuta, haili rangi ya zamani, na mahali palipofunikwa na vitu hivyo haifiki kwenye saruji kabisa. Niru nene iliyoachia haiwezi kuiondoa. Mvuke wake unachoma macho na kifua, na unatia kutu vyuma vyote vilivyo bandani. Ikimalizika kazi yake, lazima iondolewe kwa kutumia kitu cha kuituliza, kama magadi yaliyoyeyushwa majini, kisha sakafu isuuzwe mara kadhaa kwa maji mengi, kwa sababu chumvi inayobaki hunyonya unyevu na kudhoofisha mpako. Anayeamua kuitumia akumbuke kwamba tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya tindikali, maana huchemka na kuruka usoni. Nikipima maji yanayohitajika na siku za kusubiri sakafu ikauke upya, mimi nachagua grinda.

Wazo la kutumia maji ya betri badala yake liachwe kabisa. Maji ya betri ni tindikali ya salfuriki, ambayo ikikutana na chokaa iliyomo kwenye saruji hutengeneza jasi. Jasi haiyeyuki kwa urahisi, hubaki juu kama utando laini, na salfeti, yaani chumvi za tindikali hiyo, zikizama ndani ya zege hulivimbisha na kulipasua.

Sasa tufike kwenye maji, ambayo nadhani ndiyo yanayoeleweka kwa shida kuliko yote, kwa sababu kila mtu hapa husema Dodoma ni kukavu. Kuna saa mbili tofauti ndani ya zege, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni saa ya nguvu: siku 28 ndicho kipindi ambacho wahandisi hupima uimara wa zege, na ndicho kima cha chini ambacho watengenezaji wengi wa mipako hutaka kipite. Ya pili ni saa ya kukauka. Fundi huweka maji mengi kuliko yale saruji inayoyahitaji, na ziada hiyo hutoka polepole mno kupitia juu. Kanuni ya jumla ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, katika mazingira mazuri. Jamvi la sentimita 10 kwa hesabu hiyo linataka miezi 4. Kwa hiyo siku 28 hutuambia kwamba zege lina nguvu. Hazituambii kwamba ni kavu.

Kisha kuna maji yanayotoka chini. Zege hupandisha maji kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta ya taa. Jamvi lililomwagwa juu ya karatasi nene ya nailoni hukingwa, lakini mabanda mengi ya magari yalijengwa baada ya nyumba kuisha, kwa haraka, na nailoni haikukumbukwa. Sakafu ikiwa wazi, unyevu huo huvukia hewani na hakuna anayeujua, isipokuwa zile chumvi nyeupe zinazoota pembeni mwa ukuta. Ukiifunika kwa epoksi, unyevu hukosa pa kutokea, husukuma kutoka chini, na chumvi zilizobebwa na maji huganda chini ya ngozi na kuiinua. Hapo ndipo malengelenge huanza.

Kipimo rahisi ni hiki: kata nailoni nene ya karibu nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasipite hewa, uiache usiku kucha mpaka muda wa saa 16 au zaidi upite, kisha uifunue. Matone chini ya nailoni, au zege kuwa jeusi kuliko sehemu ya jirani, ni ishara kwamba unyevu unapanda. Fanya hivyo mahali patatu au panne, si mahali pamoja tu. Kipimo hiki kina udhaifu: kinaonyesha hali ya siku hiyo. Mvua za Dodoma hunyesha kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, kisha ardhi hukauka miezi mingi. Nailoni iliyobandikwa Septemba inaweza kutoka kavu kabisa juu ya sakafu ambayo Machi hulowa kama sifongo, hasa maeneo ya bondeni yenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshikilia maji. Ushauri wangu ni kupima mvua zinapoelekea kwisha na kupaka katikati ya kiangazi. Ikiwa kipimo cha Machi kinaonyesha maji, usipake epoksi ya kawaida. Rekebisha kwanza mifereji na mteremko wa uwanja, na kama unyevu hauishi, sakafu tupu iliyosagwa vizuri ni bora kuliko sakafu ghali inayobanduka.

Wengine, kwa kuogopa bei ya epoksi, hupaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango. Sababu ya kushindwa kwake wataielewa haraka wale wanaotengeneza sabuni kwa mafuta ya alizeti, zao ambalo Dodoma na Singida tunalijua vizuri. Ukichanganya mafuta na kitu chenye ukali wa magadi unapata sabuni. Zege, hasa jipya, lina ukali wa namna hiyo, na rangi ya mafuta imetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Unyevu ukipita kati yao, sehemu ya chini ya rangi hugeuka sabuni, ikawa laini na yenye kunata, na tairi la kwanza lenye moto huondoka nayo. Gari lililotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, huingia bandani na matairi ya moto kweli kweli, na likipoa juu ya rangi dhaifu huing'ang'ania.

Nyufa sitazisemea sana. Ufa uliotulia hupanuliwa kwa grinda, husafishwa vumbi na kujazwa kwa mchanganyiko wa epoksi na mchanga laini; ufa unaoendelea kupanuka mwaka hadi mwaka ni habari ya msingi wa jengo, na rangi haitaufunga.

Siku ya kupaka, usianze asubuhi. Jua linapopanda, hewa iliyo ndani ya vitundu vya zege hutanuka na kutoka, ikatoboa mpako ulio mbichi na kuacha vishimo kama vya chapati. Kuanzia saa 10 alasiri zege huanza kupoa, na badala ya kupuliza huvuta mpako ndani. Funga mlango wa banda, mwagia maji udongo wa nje ili upepo usilete vumbi, na uzoe vumbi la ndani kwa mashine ya kunyonya badala ya ufagio.

Lakini kabla ya kufungua makopo yote, paka kwanza kipande cha majaribio mahali gari linaposimama, kiasi cha futi mbili kwa mbili, ukisubiri wiki nzima. Chora msalaba kwa wembe mpaka ufike kwenye zege, bandika utepe wenye gundi kali juu yake, usugue ushike, kisha uvute kwa mkupuo mmoja. Geuza utepe utazame upande wa gundi. Ukiwa mtupu, endelea na kazi. Ukiwa na rangi tupu, uso bado ni laini mno au una mafuta. Ukiwa na rangi iliyobeba unga wa saruji, niru bado ipo, na grinda irudi sakafuni.